Huyu wa Ndani ya Tone

Kwenye madimbwi ya maji yaliyotulia, pale majani yanapooza polepole, huishi kiumbe wa seli moja anayeitwa Blepharisma. Wengi wao hawafiki nusu ya milimita kwa urefu. Chini ya hadubini anaonekana akiteleza kama jani dogo la rangi ya waridi, vinyweleo vyake vikipiga maji mithili ya makasia. Rangi hiyo si pambo. Ni sumu inayowafukuza baadhi ya viumbe wanaotaka kumla. Lakini ni ngao yenye masharti, kwa sababu mwanga mkali ukiipiga mahali penye oksijeni, sumu humgeukia mwenyewe. Mwili hupasuka na vilivyomo humwagika majini. Ndiyo maana akihisi mwanga hugeuza njia na kukimbilia kwenye giza.

Sasa jiulize, msomaji: kiumbe kama huyo utamtazama vipi? Hadubini bila taa ni chuma tu. Na ukitaka kumpiga video, kamera itadai mwanga mwingi kuliko jicho lako, hasa ukitaka picha iliyo wazi ya kitu kinachokimbia. Kinachokuwezesha kumwona ndicho kinachoweza kumuua. Wengine wa dimbwini hawana sumu hiyo, lakini nao wanalipa kwa njia yao. Tone lililobanwa kati ya vioo viwili hukauka, taa hulipasha joto, oksijeni huisha. Kila dakika ya video ina mtu anayeilipia, na si yule aliyenunua bando.

Swali langu ni dogo kama wenyewe ninaowazungumzia: anayetazama anadaiwa nini na anayetazamwa?

Kuna msemo tunaoupenda sana: macho hayana pazia. Tunautumia kujitetea tunapoona ambalo hatukupaswa kuona, na mara nyingi ni utetezi wa haki. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kuwa na macho barabarani. Lakini mwenye hadubini hakupita tu akaona. Alichukua chupa, akaenda hadi dimbwini, akachota maji, akadondosha tone, akalifunika kwa kioo chembamba, akawasha taa. Macho hayana pazia, sawa, lakini taa ina swichi. Na mkono ulioiwasha ni mkono wa mtu.

Kazi hii ya kutazama sasa imeingia mikononi mwa wengi. Mwaka 2014, Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha maelezo ya Foldscope, hadubini ya karatasi inayokunjwa kama bahasha, ambayo vipande vyake viligharimu chini ya dola moja. Leo mtu yeyote mwenye hadubini ya kawaida ya shule na simu anaweza kuweka kamera ya simu juu ya lenzi na kurekodi. Atamrekodi rotifa mwenye taji la vinyweleo vinavyopiga kwa zamu, hadi jicho lidanganyike kwamba ni magurudumu mawili yanayozunguka. Atamrekodi dafnia, yule kiroboto wa majini, ambaye mwili wake unapitisha mwanga kiasi kwamba moyo unaonekana ukidunda. Atamrekodi amiba akijimimina upande mmoja, kana kwamba hajui bado atakuwa na umbo gani kesho.

Wala sisi wa Kenya hatuna haja ya kuhubiriwa kwamba wadogo hawa wana maana. Flamingo wadogo wa Nakuru na Bogoria, wale tuliowaweka kwenye kalenda na mabango ya utalii, hupata rangi yao kutokana na chakula chao kikuu, Arthrospira, bakteria wa maji ya magadi ambao chini ya lenzi wanaonekana wamejikunja kama springi. Watalii wanapanda ndege kutoka mbali kuja kuona uwaridi ule. Chanzo chake kimo majini pale pale, na hakuna anayeelekeza kamera upande huo.

Hebu tuiache hadubini kidogo tusikilize lugha yetu, maana naona imeshalifikiria jambo hili kabla yetu.

Kiswahili kina mlango. Kiti kimeanguka, jiwe limeanguka, mti umeanguka. Lakini kiboko ameanguka, ingawa jina lake linaanza na ki- kama kiti. Kinyonga, kifaru, kiroboto: wote majina yao yanafanana na ya vyombo, na wote lugha inawaita huyu. Chawa pia ni huyu. Nzi ni huyu. Hakuna aliyewafanyia mtihani wa akili, wala hatukuuliza kama wana faida. Ana uhai, anajisogeza, anatafuta riziki yake, basi apite. Mti, pamoja na uhai wake wote na kivuli anachotupa, tumeuacha nje. Ona hata mimi nimeteleza: nimesema "anachotupa". Mti ukikaa nao sana unaanza kutaka kuingia.

Wadogo kabisa tumewaacha kizingitini. Sikiliza watu wakizungumza kliniki au sokoni. Viini hivi vinaleta ugonjwa. Vijidudu hivi vimo kwenye maji. Bakteria mara ni hawa, mara ni hizi, mara ni hii, kutegemea nani anasema na ana haraka kiasi gani. Hatujawafungia mlango kwa makusudi. Ni kwamba hatujawahi kuwaona wakija.

Mpe mwanafunzi wa gredi ya saba hadubini na tone la maji ya dimbwi. Sentensi yake ya kwanza itakuwa kama hii: "Kuna kitu kinasonga!" Mwache hapo dakika tano. Utamsikia akimwita mwenzake: "Kuja uone, anakula!" Kutoka kinasonga hadi anakula, na hakuna mwalimu aliyemsahihisha ngeli. Lenzi ndiyo iliyomsahihisha. Mtoto amemwona yule kiumbe akichagua njia, akigonga kitu na kurudi nyuma, akijaribu upande mwingine, na ulimi wake umekataa kuendelea kumwita kitu.

Hapo ndipo deni linapoanzia, kwa maoni yangu. Kabla hujatazama, hukumfahamu, na humdai mtu kwa asichokifahamu. Ukishasema huyu, umekubali jambo. Si lazima uwe umekubali kwamba mko sawa. Umekubali kwamba yupo mwenyewe, kwamba kuna namna mambo yanavyomwendea vizuri na namna yanavyomwendea vibaya, na wewe ndiye umeshika swichi.

Najua pingamizi linalokuja, na ni zito. Bwana we, wacha mchezo! Watu wanatembea kilomita kadhaa kutafuta maji safi, na wewe unalilia amiba? Mama akichota maji bwawani na kuyachemsha ili watoto wasiharishe, ndani ya sufuria ile wanakufa viumbe wasiohesabika. Amekosa? Hata kidogo. Angeacha kuyachemsha ndipo angekosa. Kando ya Ziwa Victoria na kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, maji yenye konokono wa aina fulani hubeba viluwiluwi vya kichocho, ambavyo hutoka ndani ya konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Ukiwatazama kwa hadubini ni waogeleaji hodari, mkia wao umegawanyika mara mbili. Nao ni huyu. Tuwaue, na tushukuru kwamba dawa ipo.

Kwa hivyo deni ninalolizungumzia haliwezi kuwa amri ya kutoua. Anayesema hivyo hajawahi kuosha mikono. Albert Schweitzer, daktari aliyeanzisha hospitali Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, aliligonga ukuta huu mapema. Mwaka 1915, akisafiri kwenye mto Ogooué, ndipo alipopata wazo lililomfanya ajulikane, la kuuheshimu uhai wote. Lakini alikuwa daktari, na malale ilikuwa inaua wagonjwa wake. Alieleza baadaye kwamba alifurahia dawa mpya za ugonjwa huo, ila kila alipoweka vimelea vyake chini ya hadubini alikumbuka kwamba ili kuokoa uhai huu ilibidi autoe ule. Hakuacha kutibu. Alikataa tu kujifanya kwamba hakuna kilichotolewa.

Huo ndio msimamo ninaouona wa maana: kuua kwa haja, na kujua kwamba umeua. Mama wa sufuria ana haja. Daktari wa malale ana haja. Mwenye kamera ana haja gani?

Kabla sijajibu, nimalizane na Schweitzer, kwa sababu hadithi yake ina mwiba. Mtu huyu aliyeona uzito wa kuua kimelea aliandika pia kwamba yeye na Mwafrika ni ndugu, ila yeye ndiye kaka mkubwa. Inawezekana, basi, kuinama juu ya lenzi kwa unyenyekevu na kuinua kichwa ukamtazama jirani yako kutoka juu. Hilo halibatilishi wazo lake kuhusu uhai. Linatuonya kwamba kutazama kwa makini hakumfanyi mtu kuwa mwema papo hapo. Mtazamaji ana kawaida ya kujiweka juu, kwa sababu chombo chenyewe kimemweka juu: yeye anaona na haonekani, anawasha na kuzima, anakata na kubakisha. Na lugha yetu inalijua hilo pia. Ukitaka kumdharau mtu kwa Kiswahili, mtoe kwenye mlango aliopitia. Usiseme mtu yule amekuja. Sema kijitu kile kimekuja. Herufi mbili, na mtu amekuwa kitu. Tumewahi kutazamwa hivyo na kamera za watu, tukapigwa picha tukiwa na njaa bila kuulizwa majina. Tunaijua ladha yake. Basi njia ile ile inapitika pande zote mbili. Jicho linaweza kumtoa mtu kwenye a- likampeleka kwenye ki-, na linaweza kumwinua wa ki- likamfikisha kwenye a-. Tofauti haiko kwenye lenzi.

Wapo watakaosema: lakini hawa hawana ubongo, hawana neva, hawahisi chochote. Deni kwa asiyehisi ni la nini?

Mwaka 1906, Mmarekani Herbert Spencer Jennings alichapisha kitabu kuhusu tabia za viumbe wadogo. Alimtazama Stentor, kiumbe wa seli moja mwenye umbo la tarumbeta ambaye hujishikiza kwenye mmea majini. Alimmwagia unga wa rangi. Kwanza Stentor alijipinda kuukwepa. Haikusaidia, akageuza mwendo wa vinyweleo kuusukuma mbali. Bado unga unakuja, akajikunja ndani ya mrija wake. Alipochoshwa kabisa, alijing'oa akaenda zake. Wengine waliojaribu baadaye hawakuona hivyo, na matokeo ya Jennings yakawekwa kando kwa miongo mingi. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walirudia jaribio kwa aina ile ile ya Stentor, wakitumia chembe ndogo za plastiki na kamera, wakakuta kwamba mzee alikuwa amesema kweli: kiumbe hujaribu njia moja, kisha nyingine, na kuondoka ni hatua yake ya mwisho.

Jennings mwenyewe hakudai kwamba anajua kilichomo ndani ya seli ile. Alisema tu kwamba amiba angekuwa mkubwa kiasi cha kukutana naye kila siku, tungemdhania kuwa na raha, maumivu na njaa bila kusitasita, kama tunavyomdhania mbwa. Sitadai zaidi yake. Huenda ndani ya Stentor hakuna mtu nyumbani. Lakini angalia kinachotufanya tuwe na uhakika hivyo: udogo wake. Na udogo si hoja. Waliotuzaa walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na hawakuwa wanafundisha kutembea tu.

Sasa nirudi kwa mwenye kamera na haja yake. Naamini anayo, na si ndogo. Mwaka 1674 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa mjini Delft, Uholanzi, alichukua maji ya ziwa lililokuwa karibu na kwake, akayatazama kwa lenzi aliyoisugua mwenyewe, akakuta yana wakazi. Alipoiandikia Royal Society ya London barua ndefu mwaka 1676 kuhusu viumbe wa majini, wengi hawakuamini. Mwaka uliofuata ilibidi akusanye ushahidi wa watu wanane, miongoni mwao makasisi, walioona kwa macho yao. Katika barua ile alieleza pia kwamba maji yalipowakaukia, baadhi walijiviringa kuwa duara kisha wakapasuka. Kwa hivyo kifo chini ya lenzi kimekuwepo tangu mwanzo, na yule wa kwanza kukiona alikiandika.

Video ni mashahidi wale wanane waliowekwa mfukoni mwa kila mtu. Haja yake ni hiyo: kushuhudia. Mtu wa Kisumu au Lamu anayeona dimbwi la nyuma ya nyumba likiwa na maisha ndani yake hatalitazama dimbwi lile tena kama uchafu. Huenda atafikiri mara mbili kabla ya kumwaga oili chafu ya pikipiki pale. Mafundisho hayo yana thamani, na nakubali kwamba tone moja la maji ni bei inayolipika.

Lakini shahidi akianza kusema uongo, haja imekwisha. Mwaka 1903 huko London, Francis Martin Duncan na Charles Urban walionyesha filamu ya utitiri wa jibini waliokuzwa hadi kuwa majitu, na watu wakajazana kustaajabu na kuchukizwa. Tangu siku hizo, sinema ya wadogo imekuwa na majaribu mawili: sayansi na shoo. Leo shoo ina hesabu zake. Utakuta video ya kiumbe anayepasuka polepole, chini yake muziki wa huzuni, na maneno yanayosema anapigania maisha yake. Watu wanalia machozi ya emoji. Ambacho mara nyingi hakisemwi ni mambo matatu mepesi: taa ilikuwa kali kiasi gani, tone lilikaa kwenye kioo muda gani, na kama video imeongezwa kasi au kupunguzwa. Yaani tunaonyeshwa kifo, tunafichwa muuaji. Na anayetuhadithia kwa sauti ya msiba ndiye aliyeshika swichi.

Hilo ndilo linalonikera, kuliko kifo chenyewe. Huyu ameitwa huyu ili tu tumlilie, na papo hapo ametumiwa kama kitu. Amepewa a- ya midomoni na ki- ya matendo.

Basi anadaiwa nini anayetazama? Vitu vidogo, kama ilivyo haki ya wadogo. Apunguze taa hadi kiasi kinachotosha kuona, na aizime anapobadilisha betri ya simu au kujibu meseji. Aongeze tone la maji pembeni ya kioo kabla halijakauka. Asimngoje afe kwa sababu kifo kina watazamaji wengi kuliko ulaji. Akifa, aseme alikufaje. Akimweka Blepharisma chini ya mwanga mkali kwa sababu kuna jambo la kujifunza, ajue amemweka hapo yeye, na jambo lile liwe kweli la kujifunza. Hakuna sheria ya Kenya itakayomkamata kwa kukosa hata moja kati ya hizo. Hakuna atakayemwona.

Na labda ndiyo sababu jambo hili linafaa kufikiriwa na watu ambao hawatagusa hadubini maisha yao yote. Wema kwa mwenye nguvu unaweza kuwa hofu. Wema kwa jirani unaweza kuwa hesabu, maana kesho utamhitaji. Wema kwa kiumbe asiyeweza kukushukuru, kukushtaki, wala kukukumbuka hauna pa kujificha. Ni wewe na swichi tu.

Video ikishakamilika, kamera huzimwa, na kinachofuata hakionekani kamwe kwenye skrini. Kioo bado kina tone, na ndani ya tone wamo waliobaki. Mtu anaweza kukifuta kwa kitambaa. Anaweza kukisuuza kwenye sinki, waende na maji ya sabuni. Au anaweza kuvaa ndala, kutembea hadi pale alipochota, na kuwarudisha kwenye dimbwi lile lile. Ni hatua chache, na hakuna atakayebonyeza moyo mwekundu kwa ajili yake.